Kabla ya Kidonge cha Kwanza: Minyoo, Malaria na Mgonjwa wa Saratani ya Damu

Mgonjwa wa saratani ya damu anapoanza matibabu, macho ya ndugu wote huwa kwenye dripu. Lakini kwa mtu aliyekulia kijijini, aliyelima pekupeku na kwenda choo cha shimo, hatari ya mwanzo inaweza kutoka kwenye vidonge. Anayetibiwa limfoma kwa mpangilio wa dawa uitwao CHOP humeza prednisolone miligramu 100 kila asubuhi kwa siku 5. Ukimpa vile vya miligramu 5 vilivyozoeleka huku kwetu, ni vidonge 20 kwenye kiganja kwa mara moja. Mtoto mwenye lukemia kali hukaa kwenye prednisolone au dexamethasone kwa wiki kadhaa. Mwenye mailoma mara nyingi humeza dexamethasone miligramu 40 mara moja kwa wiki.

Dawa hizi, za jamii ya steroidi, ni nguzo ya matibabu na mgonjwa asiziache. Ila zinadhoofisha kinga, na yapo magonjwa ya vimelea ambayo mwili ulikuwa umeyadhibiti miaka mingi pasipo mwenyewe kujua. Ndiyo maana nasema na wewe unayemuuguza: mazungumzo kuhusu minyoo yafanyike kabla ya kidonge cha kwanza cha steroidi kumezwa. Daktari wa saratani ana mengi kichwani siku ile. Asipouliza, sema wewe.

Mnyoo anayezaana ndani ya mtu

Wengi wa minyoo tunaowajua hutaga mayai, mayai yakatoka na choo, na mnyoo mzee hufa baada ya muda wake. Yupo mmoja asiyefuata utaratibu huo. Kitaalamu anaitwa Strongyloides stercoralis. Hapa nitamwita strongiloidi. Lava wake, wasioonekana kwa macho, wanakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Wanapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, wanasafiri na damu hadi mapafuni, wanakoholewa, wanamezwa, kisha wanakomaa kwenye utumbo mwembamba. Mayai ya jike yanaanguliwa humo humo, na baadhi ya lava hawasubiri kutoka nje: wanapenya ukuta wa utumbo au ngozi ya sehemu ya haja kubwa na kuanza mzunguko upya ndani ya mtu yule yule.

Kwa hiyo maambukizi ya utotoni yanaweza kudumu maisha yote. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia, wakalazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma, walipopimwa kwao Uingereza zaidi ya miaka 30 baadaye, baadhi yao walikutwa bado na mnyoo huyu. Hawakuwa wamerudi kule. Vivyo hivyo Mtanzania, Mkongomani au Mrundi anayeishi Minneapolis au Oslo kwa miaka 20 anaweza kuwa naye, na daktari wa huko akaona mtu mzima mwenye afya ya mjini, asifikirie udongo wa Kigoma wala wa Uvira. Ndugu zetu walioko ughaibuni wanapaswa kulisema hili kwa sauti kuliko sisi tuliobaki.

Mtu mwenye kinga nzuri huwa haoni dalili, au anaona vitu vidogo: tumbo linalouma chini ya chembe ya moyo, kuharisha kunakuja na kuondoka, kikohozi chenye mluzi. Ipo dalili moja ambayo ukiisikia usiiache ipite. Ni mstari mwekundu unaowasha, uliovimba kidogo, unaotokea makalioni, mapajani au kiunoni na kusogea. Ukiuwekea alama ya kalamu kwenye ncha yake, baada ya saa moja utauona umeivuka alama kwa sentimita kadhaa. Ni lava anatembea chini ya ngozi. Mgonjwa akikwambia "huwa napata mwasho unaotambaa, kisha unapotea," andika, na umpelekee daktari maneno hayo kama yalivyo.

Steroidi zinapoingia, lava wanaojirudisha mwilini huongezeka bila kizuizi. Wanajaa mapafuni, wanafika hadi kwenye ini na ubongo, na kila anayetoboa utumbo anabeba bakteria wa tumboni na kuwaingiza kwenye damu. Mgonjwa anaanza kuumwa tumbo, kutapika, kuharisha, kukohoa, kupumua kwa shida, kupata homa. Wengine hutokwa na madoa ya zambarau kuzunguka kitovu. Ugonjwa ukifika hapo, vifo ni vingi hata kwenye hospitali kubwa, na jambo linaloniuma ni kwamba ungezuilika kwa vidonge vichache. Kama mgonjwa wako ameshaanza steroidi na bakteria wa utumbo wanakutwa kwenye damu yake tena na tena, au kwenye maji ya uti wa mgongo, uliza bila woga: "Daktari, inaweza kuwa ni minyoo?"

Namna ya kupimwa, na dawa inayofaa

Kipimo cha choo kikubwa cha mara moja, tone likiangaliwa chini ya darubini, humkosa mnyoo huyu mara nyingi sana. Lava wanatoka wachache na kwa siku zisizotabirika. Omba sampuli zichukuliwe siku 3 tofauti. Kwenye hospitali za rufaa na za vyuo vikuu, uliza kama maabara inaweza kutumia njia ya Baermann: choo kinafungwa kwenye kitambaa cha shashi na kuwekwa juu ya faneli yenye maji ya uvuguvugu, lava walio hai wanaogelea na kutuama chini, na maji ya chini ndiyo yanayoangaliwa. Kwingine huotesha sampuli kwenye sahani ya agari, au hupima kingamwili kwenye damu.

Kazi yako hapa ni sampuli. Chombo kiwe kikavu, kisafi, chenye kifuniko. Mgonjwa ajisaidie juu ya karatasi au ndani ya beseni kavu lililosafishwa, kwa sababu kinyesi kilichookotwa ardhini au kuchanganyika na maji ya chooni huchukua lava wa udongoni ambao si wa mgonjwa, na mkojo nao huharibu. Kifike maabara asubuhi ile ile. Usikiweke kwenye friji: baridi huwaua lava, na njia ya Baermann inawahitaji wakiwa hai.

Daktari ataangalia pia chembe nyeupe ziitwazo eosinofili kwenye picha kamili ya damu. Zikiwa nyingi, minyoo ni mojawapo ya sababu za kutafutwa. Lakini saratani yenyewe inaweza kuzipandisha na steroidi huzishusha, kwa hiyo hesabu ya kawaida haimsafishi mgonjwa.

Dawa ni ivermectini. Kipimo chake ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 12, ambazo ni vidonge 4 vya miligramu 3. Kwa mwenye kinga dhaifu hutolewa siku 1 au 2, na madaktari wengi hurudia baada ya wiki 2. Pale ambapo vipimo havipo, au saratani haivumilii kusubiri majibu, daktari anaweza kuamua kutoa dawa moja kwa moja kwa mtu aliyeishi kwenye maeneo ya minyoo. Naona ni uamuzi wa busara, na wewe una haki ya kuuliza kama unamfaa mgonjwa wako.

Hapa familia nyingi hujibu, "Alishameza dawa ya minyoo mwaka jana." Waulize ni ipi. Albendazo ya dozi moja inayogawiwa shuleni huwaua vizuri minyoo ya duara na kupunguza safura, lakini strongiloidi wengi hupona. Walioishi Lindi, Mtwara, Tanga au Pwani wanaweza kuwa wamepata ivermectini kwenye kampeni za matende na mabusha, zile ambazo mgawa dawa humsimamisha mtu kando ya fimbo ya urefu ili ajue idadi ya vidonge. Kumbuka mwaka na umwambie daktari. Bado haitoshi kuruka kipimo, maana mtu anaweza kuambukizwa tena.

Mambo mawili ya kukwepa. Kwanza, ivermectini ya sindano au ya maji inayouzwa kwenye maduka ya mifugo isimguse mgonjwa; imetengenezwa kwa uzito wa ng'ombe. Pili, kama mgonjwa aliwahi kuishi kwenye misitu ya Kongo, Kameruni au Gaboni, sema kabla ya dawa. Huko kuna mnyoo aitwaye Loa loa, ambaye wakati mwingine huonekana akipita kwenye jicho. Mtu mwenye vimelea vyake vingi kwenye damu akipewa ivermectini anaweza kupoteza fahamu na kupata madhara ya ubongo. Damu yake inapaswa kupimwa mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8, kwa kuwa vimelea hivyo hujitokeza kwenye mzunguko wa damu wakati huo.

Homa ya mgonjwa huyu

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu anatumwa dukani, dawa mseto na panado zinaletwa, mgonjwa anafunikwa kanga. Kwa anayepata kemo, yaani dawa kali za saratani, desturi hii inaua.

Seli nyeupe kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, kutegemea mpangilio. Katika siku hizo bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kummaliza mtu ndani ya saa chache. Nunua kipimajoto cha kidijitali, ukiweke kwapani. Kisiingizwe sehemu ya haja kubwa, maana michubuko midogo hapo ni mlango wa maambukizi. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijapanda, mnakwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe saa 8 usiku. Panado isitangulie, kwa sababu itashusha joto na kumdanganya daktari. Mapokezi waambie sentensi hii kabla ya jina la mgonjwa: "Ana saratani ya damu, alipata kemo tarehe fulani, ana homa." Antibiotiki ya mshipani inatakiwa kuanza ndani ya saa 1 tangu kufika.

Malaria ipimwe, tena siku hiyo hiyo. Kosa ni kusimama hapo. Kipimo cha haraka kikionyesha malaria, mgonjwa huyu anaweza kuwa na bakteria pia, na antibiotiki haziachwi kwa sababu ya mistari 2 kwenye kile kipande cha plastiki. Isitoshe, kipimo hicho kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kama alitibiwa karibuni, omba damu iangaliwe kwa darubini. Na usimpe dawa mseto kwa uamuzi wako. Lumefantrine iliyomo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo ikikutana na dawa za lukemia kama nilotinib, na daktari anahitaji kupanga zote mbili pamoja.

Wagonjwa hawa huongezewa damu mara nyingi, na malaria inaweza kupita humo. Andika tarehe ya kila chupa. Homa inayokuja siku au wiki baada ya kuongezewa damu ni sababu nyingine ya kupima. Aliyeondolewa bandama naye malaria humshika vibaya zaidi.

Chandarua chenye dawa kiende na mgonjwa popote anapolala, hata kwa shemeji mjini anakosubiri dozi ya hospitali ya Ocean Road au ya Mulago. Nairobi ina malaria kidogo, lakini mgonjwa wa Nairobi anayekwenda mazishini Busia au Siaya anaingia kwenye malaria nyingi akiwa hana kinga. Kabla ya safari kama hiyo apite kliniki aulizie dawa ya kinga. Na ikiwezekana, nafsi yangu inasema, familia imruhusu asiende, marehemu atamsamehe.

Neno moja kwa wanaotoka Baringo, Pokot Magharibi, Turkana au Karamoja. Kala-azar, inayoenezwa na usubi wa mchangani, huleta homa ndefu, kukonda, bandama kubwa na kushuka kwa chembe zote za damu. Kwa nje inafanana sana na lukemia au limfoma, na inaweza pia kumpata mtu ambaye tayari ana saratani. Mtajie daktari ulikotoka. Kipimo chake cha haraka kipo, na vimelea vyake huonekana kwenye uboho.

Maji, chakula na udongo

Maji yachemshwe. Dawa ya klorini tunayotia kwenye ndoo inafaa kwa bakteria, lakini kimelea kiitwacho kriptosporidi hakifi kwa klorini ya kiasi hicho, na kwa mtu asiye na kinga kinaleta kuhara kwa maji mengi kwa wiki nyingi, huku dawa za kukitibu zikiwa dhaifu. Acha maji yatokote kwa dakika 1. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000, kama Eldoret, dakika 3. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko na bomba au mdomo mwembamba, kikombe kisichovywe ndani. Hayo ndiyo ya kunywa, ya kupigia mswaki, ya kusuuzia matunda. Barafu ya mtaani na juisi ya miwa ya kibandani zingoje.

Kachumbari nayo ingoje hadi seli nyeupe zipande, kwa sababu amiba na giadia husafiri na mboga mbichi. Mchicha, kisamvu, sukuma wiki zilizopikwa ni salama. Matunda yale ya kumenya, yakioshwa kwanza na kumenywa na mikono safi: ndizi, chungwa, embe, papai. Sipendi orodha ndefu za makatazo wanazopewa wagonjwa hawa. Kemo imeshawaondolea hamu ya kula, na mgonjwa aliyekondeshwa na makatazo hana nguvu ya kumalizia dozi. Pika anachokipenda, kiive, kiliwe cha moto.

Nyama iive mpaka ndani pasiwe na wekundu, hata mishikaki, hata kitimoto. Nyama mbichi ni njia mojawapo ya toksoplasma, kimelea kinachojificha kwenye ubongo na misuli na kuamka kinga ikianguka, hasa kwa aliyepandikizwa uboho. Njia nyingine ni kinyesi cha paka. Paka asifukuzwe, mtu mwingine aondoe kinyesi chake kila siku, kwa kuwa kinahitaji siku 1 hadi 5 nje ndipo kiweze kuambukiza. Mgonjwa anayegusa udongo wa bustani avae glovu. Kama daktari amempa Septrin, aimeze kama alivyoelekezwa: inamkinga na nimonia moja mbaya ya fangasi, na pia inasaidia dhidi ya toksoplasma.

Kuna jambo watu huona haya kulisema kliniki: kula udongo. Mwenye upungufu wa damu huweza kuutamani sana, ule wa vipande unaouzwa sokoni au wa kubanduliwa ukutani. Udongo huo unaweza kubeba mayai ya minyoo na bakteria. Ukimkuta nao kwenye pindo la kanga, usimfokee wala usimwaibishe mbele ya watoto. Mwambie daktari, huenda madini ya chuma yamepungua, na hilo lina tiba.

Akiharisha, usikimbilie dawa ya kufunga tumbo wala Flagyl ya dukani. Kemo yenyewe huharisha, lakini damu au ute kwenye choo inaweza kuwa amiba, na amiba ya utumbo ikikutana na steroidi huweza kutoboa utumbo. Choo kipimwe kwanza.

Ngozi na miguu

Viatu vivaliwe kila aendapo, hadi bafuni na chooni. Kandambili ni bora kuliko miguu mitupu, kiatu kilichofunika ni bora zaidi shambani na kwenye tope.

Funza akiingia, pini isitumike. Kwa mtu ambaye chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, ni chache, kidonda kidogo hutoka damu isiyokoma, na bakteria hupata njia. Mpeleke kituo cha afya atibiwe kwa usafi. Yapo mafuta ya dimeticone yanayomfisha funza bila kuchokoa.

Upele nao hubadilika sura. Kwa asiye na kinga unaweza kuja kama magamba mazito kwenye mikono na viwiko, pasipo kuwasha sana, ukiwa umejaa maelfu ya wadudu na kuambukiza nyumba nzima. Wote wanaolala humo watibiwe siku moja, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari moja linalokaa na kadi ya kliniki: alikozaliwa na alikoishi, dawa za minyoo alizowahi kumeza na mwaka, tarehe za kemo, chupa za damu, joto la kila jioni. Wauguzi hubadilishana zamu na mafaili hupotea. Daftari lako litabaki. Kemo ikiisha, endeleeni na maji yaliyochemshwa, viatu na chandarua kwa miezi kadhaa zaidi, hasa kama alipata dawa iitwayo rituximab, kwa sababu kinga hurudi polepole. Na ikitokea siku moja, iwe ni saratani kurudi, pumu au maumivu ya viungo, daktari mwingine akataka kumwandikia steroidi tena, fungua daftari kwenye ukurasa wa minyoo, muulize kama kipimo cha strongiloidi kirudiwe kabla hajaanza.